Choo cha Baba Mkwe

Gari jeupe la mradi likipita mbele ya nyumba yangu, na siku hizi linapita mara nyingi, mimi hufunga mlango. Majirani wanadhani nakimbia vumbi. Mimi nimezaliwa Mkiwa, pale njia panda, nimekula vumbi la malori tangu sijaota meno. Nafunga kwa sababu siwapendi watu waliomo ndani ya lile gari. Wanashuka na fulana zao mpya, wanauliza habari za choo kabla ya kuuliza habari za wagonjwa, na wakiondoka wanatuachia makofi. Makofi yao nimeshayapata. Acha nieleze nilivyoyapata, halafu mtu aje aniambie nina roho mbaya.

Niliolewa kijiji kimoja cha Iramba, si mbali na Kinampanda. Mume wangu alikuwa utingo wa lori, makazi yake zaidi yalikuwa Shelui, na nyumbani alikuja kama mgeni: anachinjiwa kuku, analala, anaondoka. Mimi nilibaki kwa wazazi wake. Baba mkwe alikuwa balozi wa nyumba kumi, mzee mrefu, msafi, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma na bati. Nyuma yake, karibu na ua wa minyaa, kilisimama choo kizuri kuliko vyote kitongojini. Kilikuwa na sakafu ya simenti, mlango wa mbao wenye komeo, na bomba la kutolea hewa. Watu walikuja kukitazama kama wanavyokuja kutazama ndama aliyezaliwa jana. Mimi, niliyekuwa nafagia uwanja wake kila siku, sikuruhusiwa kukiingia.

Si kwamba mzee alikuwa mchoyo. Ni desturi. Kule mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana mpaka heshima yenyewe inageuka kazi. Hamkalii kiti kimoja. Hampishani kwenye njia nyembamba. Ukimwona anakuja, unaingia shambani, unapiga magoti, unasema shikamoo ukiwa umeinamisha uso. Akitaka kukutuma, anamwambia mama mkwe akuambie, hata kama umesimama palepale na umeshasikia. Na choo ndiyo kabisa. Haja ya mkwe na haja ya mkamwana hazikutani shimo moja. Choo alichokiingia mkamwana, mkwe hakiingii tena maisha yake yote. Mama mkwe alinieleza haya siku zangu za mwanzo pale, kisha akanionyesha kwa kidevu vichaka vilivyokuwa nyuma ya shamba la alizeti.

"Hata mimi nilikuwa naenda huko," alisema. "Baba mkwe wangu alipofariki ndipo na mimi nikaingia chooni."

Alisema kwa utulivu, kama mtu anayemwelekeza mwenzake kisimani. Maana yake nilitakiwa kusubiri msiba. Na mzee mwenyewe alikuwa na afya ya punda.

Kwetu Mkiwa tulikuwa na choo kimoja cha magunia. Aliingia baba, aliingia mpangaji, aliingia dereva aliyebanwa njiani, na hakuna aliyepungukiwa heshima kwa hilo. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nikawa nakwenda shambani alfajiri, na tena jioni kiza kinapoanza kushuka. Alizeti zikiwa zimesimama haikuwa mbaya sana, maana zilinizidi kimo.

Gari jeupe lilikuja wakati mimba yangu imeshaanza kuonekana. Alikuwamo bwana afya wa kata, kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, pamoja na wenzake wawili wa wilayani na spika iliyokuwa inaimba kabla ya wao kushuka. Tulikusanywa uwanja wa ofisi ya kijiji. Bwana afya akasema leo hafundishi kwa mdomo, anafundisha kwa macho. Akaomba sahani ya ugali itoke nyumba ya balozi. Ugali ule niliusonga mimi, wa uwele, nikaufunika kwa kawa nikautoa.

Kisha wakatuambia twende nao matembezi. Kijiji kizima, wazee, wanawake, watoto, tukamfuata bwana afya na sahani yake kama maandamano ya harusi. Akapita nyuma ya nyumba ya balozi, akavuka shamba, akaingia vichakani. Nilijua anakokwenda kabla yeye hajajua. Akasimama, akapaza sauti kwa furaha, akaita watu wasogee waone. Kulikuwa na rundo la asubuhi ile. Akaweka sahani ya ugali pembeni yake, na inzi, wasio na haya, wakaanza kazi yao ya kutoka huku kwenda kule.

"Hii ni mali ya nani?" akauliza kwenye spika. "Mwenye mali ajitokeze tumpongeze!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Akasema mtu anayefanya hivi anawalisha majirani zake kinyesi. Akatuambia turudie kwa pamoja, tukarudia. Na mimi nilirudia. Ugali wangu upande huu, mavi yangu upande huu, na mimi katikati na tumbo langu, nasema kwa sauti kwamba nawalisha majirani kinyesi. Watu wengine wakifikwa na aibu husema walitamani ardhi ipasuke iwameze. Mimi nilitamani iwameze wao.

Baba mkwe alikuwa amesimama mbele, kofia mkononi. Alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Watu wengine hawana haya," alisema.

Yeye alijua. Shamba ni lake, vichaka ni vyake, na kile kijia kilikuwa na nyayo za mtu mmoja tu. Mama mkwe naye alijua, akatazama kando. Siku ile nilimchukia yule mzee kwa moyo wangu wote, na yule bwana afya nikamchukia zaidi, kwa sababu mzee angalau alikuwa na desturi ya kujificha nyuma yake. Bwana afya alikuwa na nini? Kila alichosema kuhusu inzi kilikuwa kweli, sikatai. Inzi wana miguu na miguu hubeba uchafu, na watoto wa kijiji kile waliharisha kila masika. Lakini aliuliza ni nyumba zipi zina choo. Hakuuliza ni nani anayekiingia. Lingekuwa swali la pumzi moja tu.

Baada ya hapo ikaja sheria ndogo ya kijiji. Kila kaya iwe na choo na kibuyu chirizi cha kunawia, na mtu atakayekamatwa vichakani atalipa faini. Mgambo wakapewa filimbi, wakawa wanazunguka alfajiri na jioni, saa zangu mimi. Na alizeti zikakomaa, zikakatwa. Palipokuwa na ukuta wa majani pakabaki visiki vya kufika kwenye mashavu ya miguu, unaona mtu kutoka huku mpaka barabarani.

Nilimwomba mama mkwe amwombe mzee shimo la pili, dogo tu, hata la magunia. Jibu likarudi kwa njia ileile.

"Anasema chini ni mwamba. Lile la kwanza ilikuwa bahati. Hapachimbiki."

Nikampigia mume wangu simu. Nyuma yake nilisikia muziki na honi za malori.

"Si kuna choo pale?" akasema.

"Kuna cha baba yako."

"Vumilia mke wangu. Mbona mama alivumilia?"

Nilimkatia simu. Kesho yake nikachukua jembe, nikaenda pembeni kabisa ya ua wa minyaa, nikaanza kuchimba mwenyewe. Juu palikuwa na mchanga mwekundu, laini, halafu jembe likagonga jiwe na kuruka. Nikagonga tena. Mama mkwe akaja mbio akaninyang'anya mpini.

"Mwenye mimba anachimba shimo?" alifoka. "Unamchimbia nani kaburi?"

Kibarua nilichopewa mimi kilikuwa kibuyu chirizi. Ni dumu dogo lililotobolewa, linaning'inia kwenye miti miwili, lina kamba iliyofungwa kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, unanawa bila kushika kitu. Mimi ndiye niliyechimbia ile miti nje ya choo cha mzee. Mimi ndiye niliyechota maji, niliyetundika kipande cha sabuni kwenye uzi, niliyemwaga jivu. Mzee akitoka alinawa akisafisha koo, anaenda kukaa kwenye kiti chake. Wageni walimsifu. Mlangoni kwake wakabandika karatasi ya kijani iliyoandikwa kaya bora.

Mimi nikaacha kunywa maji. Mchana nilikuwa nabana, jioni nikawa sili, ili alfajiri nisiwe na haja ya kwenda. Mtu usipoweka hutoi, ndivyo nilivyojipangia. Siku moja nilishindwa, nikachuchumaa nyuma ya kichuguu, na mgambo akanipulizia filimbi nikiwa palepale. Nilimfahamu, alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Alipoona ni mkwe wa balozi akageuza uso, akasema, "Rudi nyumbani mama, nyie si mna choo kizuri?" Nilirudi na kanga imelowa. Nililia, na kilikuwa kilio cha hasira.

Haikuchukua muda nikaanza homa, na kukojoa kukawa kama kukojoa pilipili. Kiuno kinauma, tumbo linakaza halafu linaachia. Muuguzi wa zahanati alinipima, akasema mkojo una maambukizi, akanipa dawa. Akaniangalia usoni.

"Kunywa maji mengi. Na usibane mkojo hata kidogo. Ukiendelea hivi, huyu mtoto atatoka kabla ya wakati wake, na huku hatuna cha kumsaidia mtoto wa hivyo."

"Nikojolee wapi?" nikamuuliza.

Akacheka. Alidhani natania. "Wewe si wa kwa balozi? Kwenye kaya bora?"

Nilitembea kurudi nikiwa nimelishika tumbo langu kwa mikono yote miwili. Mpaka siku ile nilikuwa nimeona ni mambo ya aibu na kuvumilia, mambo yangu mwenyewe. Sasa yalikuwa mambo ya mtoto. Nilikunywa maji kama nilivyoambiwa, kikombe baada ya kikombe, na kila kikombe kilikuwa na swali lake la kwenda wapi. Nilikojoa kwenye kopo jikoni, katikati ya moshi, nikalimwaga nyuma ya banda la kuku mama mkwe akiwa kisimani. Haja kubwa niliibana. Tumbo liliendelea kukaza.

Ndipo ikafika siku ya ukaguzi. Wilaya ilikuwa inakuja kuona kama kijiji kimeacha kabisa kwenda porini, na nyumba ya balozi ilikuwa ya kwanza. Toka alfajiri mgambo walikuwa wamejaa kila upande, kwa hiyo sikutoka hata hatua moja. Nilifagia uwanja nikiwa nimeuma meno. Nikajaza dumu. Nikavaa kanga safi kama nilivyoagizwa, nikasimama karibu na ua.

Walikuja wengi. Kulikuwa na mama mmoja mnene wa wilayani, mwenye miwani, na kijana wa kupiga picha. Baba mkwe alikaa barazani na wazee wenzake, kanzu imepigwa pasi. Walikisifia choo, wakakichungulia, wakakanyaga kile kijiti cha kibuyu na kufurahi kama watoto. Halafu yule mama akaniona.

"Huyu hapa mjamzito ndiye hasa tunamtaka," akasema. "Mama, hebu tuonyeshe. Unaingia, unatoka, unanawa. Tupate picha."

Baba mkwe akakohoa. Mama mkwe akasogea mbele haraka.

"Nitaonyesha mimi, mama. Huyu anaumwa."

"Hapana bibi, tunataka vijana, ndio wanaolea," mama wa wilaya akasema. Bwana afya akanisukuma kidogo begani, akacheka. "Usiogope, ni maigizo tu."

Kijiji kizima kilikuwa kimesimama nyuma ya ule ua, na hakuna mtu hata mmoja aliyefungua mdomo kuwaambia wageni. Wangesema nini? Kwamba kaya bora ina mtu anayeishi humo na haendi chooni? Walinyamaza ili wapate sifa yao. Nikamtazama mama mkwe. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikainua macho nikamtazama baba mkwe usoni. Alikuwa na macho madogo kuliko nilivyodhani. Alikuwa anasubiri niiname.

Nikaingia. Nikafunga komeo.

Kulikuwa na ubaridi mle ndani. Kulinukia jivu. Nuru ilipita kwenye upenyo wa bati ikaanguka juu ya ile simenti niliyoisikia tu kwa sifa zake. Nikachuchumaa. Sikuigiza. Nilifanya haja yangu yote, ya siku ile na ya siku zilizotangulia, bila filimbi, bila haraka, na tumbo langu likalegea lote. Nje kulikuwa kimya, na najua walisikia. Nilikaa mle mpaka nilipotosheka.

Nilipotoka nilikanyaga kijiti, nikasugua sabuni, nikanawa mpaka kwenye viwiko. Wageni wakapiga makofi. Kamera ikapiga. Wageni tu ndio waliopiga. Wenyeji walisimama mikono imening'inia, na bwana afya akawa anageuka huku na huku anawahimiza, hajui kimetokea nini.

Jioni ile wazee walikaa. Wakaamua atolewe mbuzi, choo kitakaswe, na mimi niombe msamaha kwa magoti. Mama mkwe akatumwa kuniletea maneno.

"Mwambie baba," nikamjibu, "mbuzi mmoja hatatosha. Kesho asubuhi nitaingia tena. Na kesho kutwa."

Nilidhani atanipiga. Aligeuka, akaenda kumwambia neno kwa neno, bila kupunguza hata moja. Namsikia mpaka leo anavyolitamka lile "kesho kutwa".

Asubuhi nilikuwa najaza dumu nilipomwona baba mkwe anatoka. Alikuwa na fimbo na koti. Alikitazama choo chake, akanipita kwa mbali, akaelekea shambani kwenye visiki vya alizeti, ambako hata mbwa hana pa kujificha. Mgambo walikuwa kule. Walimwona, wakampa migongo, hakuna aliyepuliza. Aliendelea kutembea, mrefu vile, anatafuta kichaka. Mkuki kwa nguruwe. Nilimtazama mpaka akawa mdogo, na sikumwonea huruma hata kidogo. Nikaingia zangu chooni.

Kabla ya wiki kwisha walikuja wanaume na mitaimbo na sururu. Wakaenda pembeni ya ua wa minyaa, palepale nilipokuwa nimeanza na jembe, alama zangu bado zipo. Wakagonga jiwe. Wakawasha moto juu yake, wakalimwagia maji, likapasuka. Chini ya jiwe palikuwa na mchanga. Ule mwamba niliokuwa naambiwa hauchimbiki ulikuwa wa kina cha mkono mmoja, kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, na walikuwa wanaimba wakimchimbia mzee choo chake kipya.

Mwanangu alizaliwa kwa wakati wake, wa kike, mzito. Alikuwa bado ananyonya gari jeupe liliporudi. Tukaitwa uwanja wa ofisi. Bwana afya alisimama na spika yake akasema kijiji kimepata tuzo, na kwamba ipo kaya moja ambayo imepita kiwango: ina vyoo viwili. Akamwita balozi aje mbele aeleze kilichomsukuma.

Baba mkwe alivua kofia.

"Ni elimu," alisema. "Nilielimika nikaona si vizuri. Nikamjengea mkamwana wangu choo chake."

Makofi yalipigwa mpaka kuku wakakimbia. Safari hii walipiga wote, wale waliocheka vichakani, wale waliosikia nje ya mlango, na yule mgambo mwenye filimbi. Mama mkwe peke yake alikuwa anatazama chini, anachora mchangani kwa kidole. Bwana afya akanitafuta kwa macho katikati ya wanawake.

"Na wewe mama," akasema kwenye spika, "mbona humpigii makofi baba yako?"

Watu waligeuka. Nilikuwa nimempakata mtoto kwa mikono miwili. Palikuwa na mkeka mbele yangu, safi, na wanawake wawili walinyoosha mikono wanisaidie kumshika. Sikumtoa.